Machi hadi Mei Kusini: Namna ya Kusoma Mwelekeo wa Mvua Mtwara na Lindi

Kila mwaka ifikapo Februari, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za masika, na kwa siku mbili tatu redio, televisheni na simu za watu hujaa habari hiyo moja: mvua za masika mwaka huu zitakuwa za wastani, au juu ya wastani, au chini yake. Mkulima wa Tandahimba anaisikia, mvuvi wa Sudi anaisikia, mwenye duka Lindi mjini anaisikia, na kila mmoja anaichukua kuwa yake. Kwa sehemu kubwa si yake. Taarifa ya masika huhusu maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani pwani ya kaskazini kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki, ukanda wa Ziwa Victoria, na sehemu za kaskazini za Morogoro na Kigoma. Mtwara na Lindi hazimo. Mikoa hii imewekwa katika kundi la mvua za msimu, ambazo huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na mwelekeo wake hutangazwa mapema, kabla msimu haujashika kasi, wakati ambapo watu wengi wa huku wana mawazo ya minada ya korosho kuliko ya mawingu.

Si kwamba mtu wa kusini hana masika. Katika mazungumzo ya kila siku sote husema masika kwa maana ya wakati wa mvua nyingi, na Machi ni mwezi wa mvua nyingi Mtwara kama ulivyo mwezi wa mvua Dar es Salaam. Lakini kwa Dar es Salaam Machi ni mwanzo, na kwa Mtwara ni kuelekea mwisho, na tofauti hiyo inabadili maana ya karibu kila sentensi iliyomo katika taarifa. Taarifa inayosema kuwa mvua zitaanza wiki ya pili ya Machi haimsaidii mtu ambaye mahindi yake yamekwisha kutoa mbelewele. Taarifa inayosema kuwa mvua za masika zitakuwa chini ya wastani haimwambii mkulima wa Nachingwea kwamba mwaka wake umeharibika, kwa sababu siku anapoisikia, huenda zaidi ya nusu ya mvua zake zimekwisha kunyesha.

Chanzo cha tofauti hii ni mwendo wa jua. Mji wa Mtwara uko takribani nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini pake mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba linaposhuka kusini, na karibu na tarehe 22 Februari linaporudi kaskazini. Nyuma ya jua, kwa kuchelewa wiki kadhaa, hufuata ule mkanda wa mawingu ambao watabiri wetu huuita ukanda mvua, mahali ambapo upepo wa kaskazi na upepo wa kusi hukutana, hewa yenye unyevu ikalazimika kupanda juu, ikapoa na kugeuka mvua. Tanga, iliyo nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, huuona ukanda huo ukipita kwenda kusini kati ya Oktoba na Desemba, ndipo ikapata vuli, kisha huusubiri kwa wiki nyingi za jua kali hadi urudi na masika. Huku kwetu ukanda huo uko karibu na mwisho wa safari yake. Ukishafika hauendi mbali zaidi ya Malawi na kaskazini mwa Msumbiji kabla ya kugeuka, kwa hiyo kwenda kwake na kurudi kwake kunakaribiana mno, na mvua za safari zote mbili zinaungana kuwa msimu mmoja mrefu.

Alama ya muungano huo haijafutika kabisa. Mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua hukatika kwa wiki moja au mbili katika maeneo mengi ya Mtwara na Lindi, jua likawaka kana kwamba msimu umekwisha, kisha Machi zikarudi kwa nguvu. Kipindi hiki cha ukavu ni sehemu ya kawaida ya hali ya hewa ya kusini, na mkulima mwenye umri hashtuki anapokiona. Anachohofia ni kirefuke hadi wiki ya tatu na ya nne, wakati mahindi yanachanua. Ninalitaja jambo hili kwa sababu kila mwaka kipindi cha ukavu cha Februari huangukia siku zilezile ambazo taarifa ya masika inatangazwa, na watu huunganisha mawili yasiyohusiana: wanaona ardhi imepasuka, wanasikia "chini ya wastani", wanahitimisha kwamba ukame umeingia.

Sasa tuliangalie hilo neno wastani lenyewe, maana ndilo linalobeba taarifa nzima na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Wastani wa mvua wa mahali hupatikana kwa kukusanya vipimo vya miaka mingi, kwa desturi ya kimataifa miaka 30. Mamlaka yetu huhesabu kuwa mvua ni za wastani zikiwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani huo wa muda mrefu. Tuchukue mahali ambapo kati ya Februari na Aprili kwa kawaida hunyesha milimita 500. Mvua za milimita 375 zitaitwa za wastani, na mvua za milimita 625 nazo zitaitwa za wastani. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo tofauti ya milimita 250 iliyo kati ya ncha hizo mbili ni zaidi ya lita milioni moja za maji kwa kila ekari. Mtu aliyepata ya chini na mtu aliyepata ya juu hawakuishi mwaka mmoja, ingawa taarifa ilikuwa sahihi kwa wote wawili.

Zaidi ya hapo, mwelekeo wa msimu ni kauli ya uwezekano. Michoro ya kikanda inayotengenezwa na wataalamu wa Afrika Mashariki na ya kusini mwa Afrika (Tanzania inashiriki kwenye majukwaa ya pande zote mbili, na mikoa yetu iko pale ramani hizo zinapopandana) kwa kawaida hugawa nafasi katika mafungu matatu. Ikiwa mahali pamepewa asilimia 40 ya mvua kuwa juu ya wastani, 35 kuwa za wastani na 25 kuwa chini ya wastani, msomaji wa haraka atasema wametabiri mvua kubwa. Walichosema ni kwamba mvua kubwa ina nafasi iliyozidi kidogo, na kwamba katika misimu minne inayofanana na huu, mmoja unaweza kuwa mkavu bila mtabiri kuwa amekosea. Nadhani vyombo vyetu vya habari vingetenda haki zaidi kama vingesoma namba hizo zote tatu hewani badala ya kuchagua ile kubwa na kuifanya kichwa cha habari.

Hata pale kiasi kinapotabiriwa vizuri, mtawanyiko unaweza kukivuruga. Ufuta ni mfano mzuri, na Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Ufuta hupandwa kwa kawaida Januari na Februari, na mche wake mdogo hauvumilii maji yaliyosimama. Siku mbili za kulowa kwenye udongo mzito zinatosha kuufanya uwe wa manjano na kudumaa. Mwezi wenye milimita 150 zilizogawanyika katika mvua kumi za kiasi huotesha shamba vizuri. Mwezi wenye milimita 150 zilizoshuka kwa siku mbili hufukia mbegu, huacha makorongo kwenye miteremko ya Ruangwa, na katika daftari la kituo cha kupimia huandikwa namba ileile. Kwa kipimo cha Mamlaka, mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 huitwa mvua kubwa, na mtu mwenye kopo la kupimia mvua uani kwake ataona kuwa siku za namna hiyo zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mvua zote za mwezi.

Swali linalofuata ni hili: ni nini kinachofanya mwaka mmoja uwe na mvua nyingi na mwingine uwe mkavu, na kwa nini ni vigumu zaidi kulisema jambo hilo Mtwara kuliko Tanga au Harare? Hapa ndipo El Niño inapoingia, na ndipo mkanganyiko unapozidi. El Niño ni kupanda kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki karibu na Ikweta, mbali kabisa na sisi, lakini kunabadili mzunguko wa hewa wa dunia nzima. Katika Afrika Mashariki ya Ikweta, mara nyingi El Niño huongeza mvua za vuli, kama ilivyotokea mwaka 1997. Katika nchi za kusini mwa Afrika, athari yake ya kawaida ni kinyume: mvua hupungua na mazao hukauka. La Niña, ambayo ni kupoa kwa maji hayohayo, kwa kawaida hugeuza mambo, kaskazini kukakauka na kusini kukalowa. Mtwara na Lindi ziko katikati ya pande hizi mbili. Kuna miaka zinapofuata tabia ya kaskazini, kuna miaka zinapofuata ya kusini, na kuna miaka ambapo Kilwa inakwenda upande mmoja na Nanyumbu upande mwingine.

Msimu wa 2023/24 ulilionyesha jambo hili waziwazi. El Niño ilikuwa kali, na magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, ilikuwa na joto kuliko mashariki yake karibu na Indonesia, hali ambayo wataalamu huiita daipoli chanya. Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza hali ya maafa kutokana na ukame mapema mwaka 2024, na wakati huohuo, Aprili, bonde la Rufiji lilikuwa chini ya maji. Kutoka Rufiji hadi Mtwara mjini ni safari ya siku moja kwa basi, na mpaka wa Malawi nao hauko mbali na wilaya za magharibi za kusini yetu. Mtu aliyekuwa Oktoba 2023 akitaka kuambiwa kwa neno moja kama "El Niño itatuletea mvua" alikuwa akiuliza swali ambalo kwa mahali alipo halina jibu la neno moja.

Kwa pwani yetu, nadhani bahari iliyo mbele ya mlango ina uzito zaidi kuliko Pasifiki. Daipoli chanya ya mwishoni mwa 2019 ilikuwa miongoni mwa zilizo kali kuliko zote zilizowahi kupimwa, na Januari 2020 mafuriko makubwa yaliukumba mkoa wa Lindi, hasa wilaya ya Kilwa, vijiji vikazingirwa na maji na watu wakapoteza maisha. Daipoli hiyo, hata hivyo, ina tabia ya kufifia mwanzoni mwa mwaka, ukanda mvua unapopita. Ikifika Machi, vile viashiria vikubwa ambavyo watabiri huvitegemea kwa vuli huwa vimelegea, na ndiyo sababu utabiri wa Machi hadi Mei ni mgumu kuliko utabiri wa Oktoba hadi Desemba kwa Afrika Mashariki nzima.

Kinachotawala katika miezi hiyo ni mambo ya wiki chache. Kuna mawimbi makubwa ya hewa yanayozunguka dunia karibu na Ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kipindi cha siku 30 hadi 60, yaliyopewa majina ya wanasayansi wawili, Madden na Julian. Upande wake wenye mawingu unapopita juu ya Bahari ya Hindi ya magharibi, mvua huongezeka na vimbunga hupata nafasi ya kuzaliwa. Upande wake mkavu unapofuata, mbingu husafika kwa wiki mbili au tatu hata kama msimu kwa ujumla ni wa mvua. Hakuna anayeweza kusema Oktoba kwamba wimbi hilo litakuwa wapi tarehe 10 Aprili. Linaweza kufuatiliwa kwa wiki mbili au tatu mbele, na hapo ndipo taarifa ya muda mfupi inapoanza kuwa na thamani kuliko ya msimu.

Sasa vimbunga, ambavyo kwa wengi ndivyo habari yenyewe. Kimbunga kinahitaji maji yenye joto la nyuzi 26.5 za selsiasi au zaidi, na kinahitaji kuwa mbali kidogo na Ikweta, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 5, kwa sababu karibu na Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia haitoshi kukifanya kizunguke. Bahari ya Mtwara mwezi Machi na Aprili huwa na joto la karibu nyuzi 29, na iko nyuzi 10. Masharti yote mawili yametimia. Kinachotulinda ni njia: vimbunga vingi vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi husukumwa kuelekea magharibi kisha hupinda kusini, vikaishia Madagaska, Mauritius, Reunion, au katika mlango wa Msumbiji. Madagaska ni ngao, lakini ncha yake ya kaskazini iko nyuzi 12, kusini zaidi ya Mtwara, kwa hiyo kimbunga kinachokwenda moja kwa moja magharibi juu ya ncha hiyo hakikuti kitu mbele yake isipokuwa visiwa vya Komoro, kisha sisi.

Hutokea kwa nadra, na orodha yake ina jambo la kuangaliwa. Kimbunga kilichoiharibu Unguja mwaka 1872 kilikuja Aprili. Kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth kilikuja Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya Mei 2024. Kwa Mtwara na Lindi, hatari ya kimbunga imelundikana mwishoni mwa msimu, wakati ukanda mvua unarudi kaskazini na kuvuta maeneo ya uzazi wa dhoruba karibu zaidi na latitudo zetu, huku bahari ingali moto. Chido, kilichotua kaskazini mwa Msumbiji Desemba 2024, kinaonyesha kuwa Desemba nayo haiko salama kabisa. Kwa kalenda rasmi, msimu wa vimbunga katika sehemu hii ya bahari humalizika tarehe 30 Aprili. Hidaya kiligusa kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, na mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, magari yakapangana pande zote mbili za mto. Kwa mikoa inayotegemea barabara moja kwa mafuta, dawa na bidhaa za dukani, daraja lililokwenda na maji linaumiza watu wengi kuliko upepo wenyewe.

Kenneth inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyojenga maoni ya watu wa Mtwara kuhusu tahadhari, na iliyajenga vibaya. Wakazi waliambiwa watafute hifadhi na shughuli zilisimamishwa. Kisha tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kikatua Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba (Pemba ya Msumbiji, si kisiwa chetu, jambo ambalo siku ile liliwachanganya wengi), kikiwa na upepo uliokadiriwa kuzidi kilomita 200 kwa saa. Huko kilibomoa miji na vijiji. Mtwara ilipata mvua na upepo wa kawaida, na kesho yake zikaanza kauli kwamba watu walitishwa bure. Kutoka Mtwara hadi mahali kilipotua ni takribani kilomita 200. Siku mbili kabla ya kutua, kosa la kilomita mia moja na zaidi katika kukadiria njia ya kimbunga ni la kawaida popote duniani, kwa hiyo mtabiri aliyeiacha Mtwara nje ya tahadhari angekuwa amecheza kamari na maisha ya watu. Waliotishwa bure ni wale ambao wangehamishwa kwa dhoruba isiyokuwepo. Dhoruba hii ilikuwepo na ilipita jirani.

Vimbunga vina athari nyingine ambayo haisemwi sana. Kikiwa mbali, kimbunga kinaweza kutunyima mvua badala ya kutuletea, kwa kuvuta unyevu wote kuelekea kwake. Machi 2019, kimbunga Idai kilipokuwa kikiisambaratisha Beira ya Msumbiji, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa ikingojea mvua zilizochelewa, na wataalamu walihusisha mambo hayo mawili. Mtu anayeona kwenye simu yake picha ya dhoruba kubwa mashariki ya Madagaska asidhani kuwa mvua inakuja.

Jambo jingine la pwani linalopaswa kusomwa pamoja na taarifa ya mvua ni kalenda ya maji ya bahari. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, zikiwa za karibu na tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, ni miongoni mwa bamvua kubwa za mwaka, na kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mvua kubwa ikinyesha bara wakati huo, maji ya mto Lukuledi yanayoshuka kuelekea ghuba ya Lindi hukuta bahari imejaa na hayana pa kwenda kwa saa kadhaa. Milimita 60 zilezile ambazo wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, zingepita bila kutajwa, zikiangukia bamvua huingia majumbani. Taarifa ya hali ya hewa haimwambii mtu hilo moja kwa moja. Inabidi aweke tarehe ya mwezi mwandamo pembeni ya utabiri.

Kwa mvuvi, Machi hadi Mei ni mpito wa pepo. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, na katikati kuna siku za maleleji, bahari ikiwa shwari na maji yakiwa maangavu, siku ambazo ngalawa za Mikindani na Msimbati huenda mbali kuliko kawaida. Kisha, kuanzia Aprili, mgandamizo mkubwa wa hewa ulio kusini ya bahari, karibu na visiwa vya Mascarene, hupata nguvu na kuanza kusukuma kusi kuelekea kwetu. Mabadiliko hayo hayaji kwa taratibu ya kalenda. Yanaweza kuja kwa usiku mmoja. Tahadhari za Mamlaka kwa wavuvi mara nyingi hutaja upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofika mita 2, na kwa meli ya mizigo inayoingia bandari ya Mtwara hilo ni jambo dogo, lakini kwa ngalawa yenye watu wawili ni suala la kurudi au kutorudi. Tahadhari hizo pia huambatana na maneno "uwezekano wa kutokea: wastani" na "kiwango cha athari: wastani", na hapa wastani haihusiani kabisa na wastani wa mvua ulioelezwa juu. Hapa maana yake ni kwamba nafasi ya tukio kutokea si ndogo wala si kubwa sana. Rangi zinasaidia zaidi: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Nikitakiwa kuchagua kipande kimoja cha taarifa ambacho mtu wa Mtwara au Lindi akitafute kabla ya vingine vyote katika miezi hii, ningechagua tarehe ya kuisha kwa mvua. Kiasi cha mvua za Machi kina maana, lakini sehemu kubwa ya uchumi wa kusini hutegemea ukavu utakaofuata. Ufuta hukatwa majani yanapogeuka manjano, hufungwa matita, na matita husimamishwa juani yakiegemeana kwa wiki mbili hivi hadi maganda yapasuke, ndipo hugeuzwa na kukung'utwa juu ya turubai. Mvua moja ya usiku ikiyakuta matita yamesimama, punje huwa nyeusi, nyingine huota ndani ya maganda, na mzigo unaofika ghala la chama cha msingi hushushwa daraja kabla haujafika mnadani. Mkulima aliyejua mapema kwamba mvua zitavuka wiki ya kwanza ya Mei ana la kufanya: anaweza kuchelewesha kukata shamba la pili, au kutafuta maturubai wakati bei yake haijapanda. Wazalishaji wa chumvi wa Kilwa na Lindi nao hufanya hesabu hiyohiyo kwa upande wao, kwa kuwa maji ya bahari waliyoyafungia katika majaruba hayawezi kukauka ikiwa mvua inayachanganya kila wiki.

Korosho ndiyo inayongoja zaidi. Mkorosho huchipua na kutoa maua baada ya mvua kukatika, kati ya Juni na Septemba hivi, na adui yake mkubwa wakati huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaopendelea hewa yenye unyevu, ukungu na ubaridi wa asubuhi. Msimu ukichelewa kuisha na mawingu yakadumu hadi Juni, ukungu hukaa muda mrefu juu ya uwanda wa Makonde, na salfa ya unga inayopulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka husombwa na manyunyu kabla haijafanya kazi, ikabidi mfuko mwingine ufunguliwe. Kwa hiyo mkulima wa Newala anayefunga daftari lake la hali ya hewa mwishoni mwa Aprili, kwa kuwa mahindi yamekomaa na redio imeacha kuzungumzia masika, anaziacha taarifa za siku kumi za Mei na Juni, ambazo Mamlaka huendelea kuzitoa na ambazo ndizo zitakazomwambia kama salfa aliyonunua itamtosha.